Mwaka wa Unga na Nundu

Mama Kulwa tulimzika kwao Samuye mwezi uliopita, siku ya upepo mkali uliokuwa ukivuta turubai kila wakati padri alipofungua kinywa. Baada ya maziko tukakaa wanawake kwenye mikeka, na mama mmoja wa ukoo akaniuliza kwa heshima mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia nilikuwa mpangaji wake. Akaniangalia mvi zangu, akayaangalia macho yangu yaliyovimba, na nikaona kabisa kwamba jibu halijamtosha. Chakula kikaletwa, wali na nyama ya ng'ombe iliyokuwa ikielea kwenye mafuta yake, na nyuma yangu wasichana wawili wakawa wanazungumza kwa sauti ndogo. Mmoja alikuwa na presha. Mwenzake akamwambia kuna unga unauzwa siku hizi, unauagiza kwa simu unaletewa hadi mlangoni, una amino asidi, ukiunywa kabla ya mlo wa mafuta mishipa inabaki wazi kama bomba jipya. "Na vidonge?" akauliza yule mwenye presha. Mwenzake akasema wapo walioviacha. Niligeuka nikamwambia yule binti, bila hata salamu, asiache vidonge vyake, na wote wawili wakanitazama kama wanavyotazamwa wazee wanaoanza kuchanganyikiwa. Labda wana haki. Mimi nilizaliwa na wasiwasi kama wengine wanavyozaliwa na vidole sita, na ule mwaka mmoja niliokaa kwa Mama Kulwa uliuongeza kiasi kwamba hadi leo siwezi kumwona mtu akikoroga kitu cheupe kwenye glasi nikatulia.

Nilikuwa mwalimu mpya, nimepangiwa shule ya msingi iliyokuwa kando ya machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Shule haikuwa na nyumba ya mwalimu, kwa hiyo nikapanga chumba kwenye ua wa Mzee Masanja. Kilikuwa chumba cha tofali za udongo, bati bila dari, na dirisha moja ambalo, badala ya kutazama nje, lilitazama jikoni. Sijui fundi alifikiria nini. Kwa sababu ya dirisha hilo hakuna kilichosemwa kwenye ua ule ambacho sikukisikia, nikitaka nisitake. Vumbi la makarasha yaliyokuwa yakisaga mawe kutwa lilitua juu ya shuka, juu ya madaftari ya wanafunzi, hata juu ya mswaki. Nililalamika wiki ya kwanza tu. Baadaye nilizoea, na makarasha yakinyamaza ghafla ndipo nilipoanza kuhangaika, maana ukimya mchana kule machimboni mara nyingi ulimaanisha kwamba shimo fulani limeanguka na watu wamekimbilia huko.

Mzee Masanja alikuwa mwenye duara, yaani shimo lenyewe lilikuwa lake na wachimbaji walimfanyia kazi kwa kugawana mawe. Alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko kilichokuwa kikitangulia mlangoni kabla yake. Mke wake, Mama Kulwa, alikuwa mwembamba na mwenye sauti ya chini, na mapacha wao walikuwa shule ya bweni Shinyanga, kwa hiyo upendo wote uliobaki nyumbani alinimwagia mimi kwa njia ya chakula. Nilipotaka kujipikia alinikatalia. Alisema sufuria ya mtu mmoja ni ya mgonjwa. Basi nikala kwao: asubuhi michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa kwa karanga, jioni ugali wa mtama na mlenda, na kila kitu, hata ambacho hakikuomba, kikimiminiwa samli. Mzee Masanja yeye alianza siku kwa supu ya makongoro. Alikuwa akiiacha ipoe kidogo hadi utando wa mafuta ugande juu, kisha anauvunja kwa kijiko akicheka kama mtoto. "Mwalimu," ananiambia, "wewe unakunywa chai tu, ndiyo maana watoto hawakuogopi."

Jumapili moja tukiwa tunakula, alinyamaza katikati ya maneno. Aliliweka tonge chini taratibu, akaupeleka mkono kifuani, na jasho likamtoka usoni ingawa tulikuwa kivulini. Mama Kulwa hakupiga kelele. Alimsukumia bakuli kando, akamfungua vifungo vya shati, na kwa sauti ileile ya chini akaniambia nikatafute gari. Mzee alikaa hospitali ya mjini hadi maumivu yalipokwisha, akarudi amepungua kicheko, na Mama Kulwa akanieleza jikoni yale aliyoambiwa na daktari. Mishipa ya moyo imeanza kuziba na presha iko juu. Mlo wa mafuta mengi, hata kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, unaifanya mishipa ishindwe kutanuka vizuri kwa saa kadhaa baada ya kula, sembuse kwa mishipa kama yake. Ameze vidonge kila siku, ajisikie vibaya au asijisikie. Mafuta aache. "Kuacha ndiyo kazi," Mama Kulwa akasema, na nilidhani anazungumzia ulafi wa mumewe. Nilikuwa mgeni, sikujua bado.

Nilikuja kujua kupitia lile dirisha langu. Shija, msimamizi wa wachimbaji, alikuja siku moja baada ya kazi, akakaa na mzee karibu na jiko, na baada ya salamu ndefu akakohoa.

"Mzee, watu wanasema umeacha supu."

"Daktari kanikataza."

"Mimi najua. Lakini wao wanauliza, daktari gani?"

Shija akaendelea polepole, kama mtu anayepita na ndoo iliyojaa. Alisema wachimbaji wawili wameshahamia duara la jirani. Alisema mawe yakianza kutoa dhahabu, ng'ombe atachinjwa kama kawaida, na mwenye duara atapewa nundu kama kawaida, na safari hii watu wote watakuwa wakimtazama mdomo. Hapo nikaelewa. Kule, mwenye duara ndiye anayeanza kula, na anaanza na nundu, lile donge la mafuta la mgongoni mwa ng'ombe, amesimama kwenye mdomo wa shimo mbele ya waliomchimbia. Mwenye duara anayekataa ghafla chakula alichokuwa akikila jana ana maana moja tu kwa wachimbaji: amekwenda kwa mganga, amepewa mwiko, na mwiko wa namna hiyo hulipiwa kwa damu ya mtu. Ya nani? Ya hao wanaoteremka chini kwa kamba. Usingeweza kuwaambia habari za mishipa. Kila mwenye mwiko anasema ni daktari.

Nilikuwa nimekaa kitandani na daftari la hesabu mapajani. Akila anaweza kufa. Asipokula watu wataondoka, na duara bila watu ni shimo tu, na mapacha watarudishwa kutoka bweni. Nikawaza kwamba labda mawe hayatatoa. Nikaanza, Mungu anisamehe, kuwaombea watu walionilisha wasipate dhahabu.

Ni katika hali hiyo alipofika bwana mmoja kutoka Kahama, shati jeupe, viatu ambavyo vumbi lilikuwa kama linavikwepa. Alikodi kibanda cha video akaita mkutano wa afya, na Mzee Masanja akatuchukua mimi na mke wake, mimi kwa ajili ya kusoma maandishi ya Kiingereza kwenye makopo ya bwana huyo. Bwana yule alikuwa na mpira wa maji unaopitisha mwanga, na ndani yake alikuwa amegandisha mafuta ya ng'ombe. "Huu ni mshipa wako baada ya supu," akasema. Watu wakaguna. Akachota unga mweupe kutoka kwenye kopo, akaukoroga kwenye maji kutoka kwenye chupa ya chai, akayamimina kwenye mpira, na mafuta yakalegea, yakateleza, yakadondoka kwenye beseni. Watu wakapiga makofi. Akaeleza kwamba ule ni amino asidi, kitu cha asili, kwamba mwili unaugeuza kuwa hewa inayolegeza mishipa, na mtu akiunywa kabla ya mlo anaweza kula mafuta ya aina yoyote. Kisha akasema lile ambalo ningetamani asingelisema: dawa za hospitali na unga huu havipatani, mwili uchague kimoja.

Mimi nilikaa mbele, niliona mvuke. Jioni wakati wa kula nikajikaza nikamwambia mzee kwamba yale maji yalikuwa ya moto, na maji ya moto yangeyeyusha mafuta hata bila unga. Alinitazama kwa huruma kabisa.

"Mwalimu, na damu yako wewe ni ya baridi?"

Nimewafundisha watoto wa watu miaka mingi tangu hapo, na bado lile swali linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Nilichukua kopo nikamsomea maandishi madogo ya nyuma, yaliyosema wazi kwamba bidhaa ile haikukusudiwa kutibu ugonjwa wowote. Mzee akasema hawawezi kuandika ukweli wote, serikali itawatoza kodi. Tangu siku ile vidonge vikakaa kwenye mkebe juu ya kabati, na kila asubuhi kabla ya supu, maana supu ilirudi, Mama Kulwa alikoroga kijiko cha unga kwenye glasi akampelekea kwa magoti mawili kama mke wa Kisukuma aliyelelewa vizuri.

Siku zile nililala vibaya na niliamka vibaya zaidi. Nilikuwa nikisikiliza kikohozi chake, hatua zake, namna anavyovuta kiti. Akichelewa kucheka nilisimamisha kalamu. Darasani niliwakaripia watoto bila sababu. Ndipo asubuhi moja, nikichana nywele karibu na dirisha, nikamwona Mama Kulwa ameketi kwenye kigoda, amekunja karatasi juu ya jiwe la kusagia, mkebe wa vidonge uko wazi kando yake, anaviringisha chupa ya soda juu yake taratibu, akibonyeza kwa viganja vyote viwili. Alipoikunjua karatasi, kulikuwa na unga mweupe. Akaumimina kwenye glasi, juu yake akaongeza kijiko kutoka kwenye kopo, akakoroga. Alipoinua macho tukakutana.

"Mwalimu, umeona nini?"

"Sijaona kitu, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma chake.

"Umeona. Njoo basi huku, usiogope peke yako."

Nikatoka. Tulikaa pamoja pale jikoni tukimsikiliza mzee akinywa, akimeza, akiweka glasi chini. Akaita kutoka ndani kwamba unga wa siku hizi una uchungu. Mama Kulwa akamjibu bila kutetereka kwamba ndiyo nguvu yake hiyo. Kisha akanishika mkono. Kuanzia hapo tukawa waoga wawili. Ilisaidia kidogo. Kuogopa na mtu mwingine kuna raha yake ndogo, unaweza kumwangalia na kujua kwamba hujarukwa na akili.

Mawe yakatoa. Nilijua kabla sijaambiwa, kwa sababu watu walianza kukimbia wakiwa kimya, na machimboni watu hukimbia kimya pale tu wanapotaka wengine wasijue. Ng'ombe akachinjwa. Wanawake hawakuruhusiwa kusogelea mdomo wa duara, kwa hiyo mimi na Mama Kulwa tulisimama kule juu karibu na mwalo, mahali wanapooshea mchanga, tukatazama kwa mbali. Nundu ilikuwa imechomwa, inameta. Mzee Masanja akaishika kwa mikono miwili, akaiinua wote waione, akala. Akaimaliza yote, akajifuta mdomo, wachimbaji wakapiga mayowe, na Shija akatupa kofia yake juu. Mama Kulwa alikuwa akisema kitu kwa Kisukuma, maneno yaleyale yakijirudia, na sikumuuliza yana maana gani kwa sababu midomo yangu nayo ilikuwa ikifanya hivyohivyo kwa Kiswahili.

Alirudi nyumbani mchana anaimba, akajitupa kitandani. Mama Kulwa akakaa kwenye kizingiti akisikiliza mkoromo wake. Kila ukikatika, yeye naye aliacha kupumua. Mimi nilisahihisha madaftari na kesho yake wanafunzi walinirudishia nusu yake, nilikuwa nimewapa vyema kwenye majibu mabovu. Jua lilipoanza kuinama, mzee akaamka, akajinyoosha, akaomba chai. Alikuwa mzima kabisa. Nilitaka kucheka kwa furaha, lakini alipotoka uani na kuanza kuwaambia watu waliokuja kumpongeza kwamba ni unga, ni unga tu jamani, njooni muone kopo lenyewe, furaha ikaniganda.

Maana sasa aliaminiwa. Makopo yaliisha. Mzee mmoja aliyekuwa na karasha nyuma ya nyumba yetu, ambaye naye alikuwa na presha, alimwonyesha Mama Kulwa shimo la taka alikotupa vidonge vyake, akamshukuru kwa ushuhuda wa mume wake. "Wabeja sana," alisema, akainama. Mama Kulwa akaitikia, akaingia ndani, akafunga mlango mchana kweupe. Nilipomfuata nilimkuta ameketi kitandani ameushika ule mkebe. Alisema, "Nimemponya mmoja ninaua wengine." Nilikwenda mwenyewe kwa yule mzee wa karasha nikambembeleza arudi hospitali, akaniuliza kama mimi ni mwalimu au muuza vidonge.

Wiki chache baadaye Mzee Masanja akapepesuka wakati wa kuoga. Alishika ukuta wa bafu la makuti, akacheka, akasema ardhi imekunywa pombe. Sisi tukatazamana. Siku iliyofuata nikaenda kwa tabibu wa zahanati, kijana mpole aliyekuwa na macho ya kukosa usingizi, nikamweleza habari za jamaa yangu fulani anayewekewa vidonge kwenye unga bila kujua. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema hiyo amino asidi si uongo wote, ipo hata kwenye nyama, kwenye maharage, kwenye karanga, na ni kweli mwili unaitumia kulegeza mishipa. Kuna wanaochunguza kama ukinywa unga wake mishipa inavumilia vizuri zaidi baada ya mlo mmoja wa mafuta. Lakini kutoka hapo hadi kumwambia mwenye moyo mbovu aache vidonge na ale nundu, hapo hakuna daraja. Na mtu anayekunywa vyote viwili, presha inaweza kushuka mno, ndipo anapepesuka.

"Afanyeje?" nikauliza.

"Kwanza ajue anachokunywa. Anayemeza dawa bila kujua hawezi kuniambia anajisikiaje. Mwambie huyo jamaa yako, mwalimu. Akikasirika, atakasirika akiwa hai."

Nilimpelekea Mama Kulwa maneno hayo kama yalivyo. Akapunguza unga wa kopo hadi ukawa wa kuzuga tu, vidonge akaendelea kusaga. Kuhusu kumwambia, kila siku alisema kesho. Nilimwelewa. Mume wake alikuwa amesimama mbele ya watu wote akala kwa ushujaa wa kopo, na ukimwambia ukweli unamvua nguo hadharani baada ya miezi. Angeweza kumrudisha kwao Samuye. Wanaume wamerudisha wake kwa madogo kuliko hayo.

Kisha zikaja habari za rashi mpya, watu wakikimbilia dhahabu iliyoonekana upande wa Ushetu, kwenye mashamba ya tumbaku. Watu wakaanza kufungasha. Mzee Masanja akaamua kwenda na wachimbaji wake wote kufungua duara huko, mke abaki atunze nyumba. Asubuhi ya safari gari lilikuwa limesimama nje linanguruma, limejaa kamba, matimba ya kuegemeza kuta za shimo na magodoro, na watu wakining'inia. Mzee akatoka na begi lake, na juu kabisa ya begi, likichungulia, kopo jipya la unga.

Mama Kulwa alikuwa amesimama mlangoni na khanga yake kiunoni. Nilimwona akilitazama lile kopo.

"Baba Kulwa, hilo halina dawa yako."

"Hili? Ni jipya hili, nimelifungua jana."

"Ndiyo maana. Dawa nilikuwa naiweka mimi." Sauti yake haikuwa ya chini tena, hata walio kwenye gari waligeuza shingo. "Vidonge vyako vya hospitali. Navisaga. Kila asubuhi tangu kabla ya nundu."

Mzee alisimama pale na begi mkononi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipoteza umri na kuuongeza kwa wakati mmoja. Alinitazama mimi, na nadhani aliona kwamba nilijua, kwa sababu aliyaondoa macho haraka.

"Kwa hiyo siku ile nilikula na nini?"

"Na vidonge."

"Watu wale walinishangilia."

"Walikushangilia uko hai."

Akaweka begi chini. Akalitoa kopo, akaliweka kwenye kizingiti karibu na miguu ya mke wake, kwa uangalifu, bila kulitupa. Mama Kulwa akaingia ndani mbio, akatoka na ule mkebe wa vidonge, akamnyooshea kwa mikono miwili. Hakuupokea. Alichukua begi, akapanda mbele, akafunga mlango wa gari, na gari likaondoka na kutuachia vumbi. Aliondoka bila unga na bila vidonge.

Sitaeleza vizuri siku zilizofuata kwa sababu sikuziishi vizuri. Mama Kulwa alipika na hakula. Alisema, "Nimemuua kwa mdomo wangu, ningenyamaza angalau angekuwa na imani." Nilimwambia imani isingemfikisha popote, naye akanijibu kwa ukali, mara ya kwanza na ya mwisho, kwamba mimi sina mume. Simu ya mzee ilikuwa haipatikani, kule mashambani mtandao ulikuwa wa kupanda juu ya kichuguu. Kila pikipiki iliyokata kona kuja kwetu tulisimama wote wawili. Usiku nilimsikia kupitia dirisha, hakuwa akilia, alikuwa akitembea. Niliwaza nundu ya Ushetu, mikono miwili ikiiinua, na hakuna kitu kwenye damu yake cha kumkinga.

Pikipiki iliyokuja hatimaye ilimleta Shija, mwekundu wa vumbi hadi kwenye kope. Mama Kulwa alishika nguzo ya jikoni akasubiri apigwe na habari. Shija akatusalimia kwa utaratibu wote, akaomba maji, akanywa, na mimi nilitaka kumnyang'anya kile kikombe.

"Mzee ni mzima," akasema. "Mawe yametoa mapema. Ng'ombe kachinjwa juzi."

"Nundu?" Mama Kulwa akauliza.

"Kaikataa. Kasema mbele ya watu wote ana presha na moyo mbovu, na hana mwiko wa mtu yeyote. Wengine wameondoka palepale. Waliobaki wamesema sawa, kama ni hospitali, waone dawa." Akajifuta uso, akachungulia ndani kama anayetafuta kitu. "Kanituma nichukue vidonge. Kasema, mama, usivisage. Unga wa kusaga watasema ni wa mganga. Anataka avimeze vizima, mbele yao."

Mama Kulwa alinitazama. Kisha akaingia ndani kuchukua mkebe, na akiwa huko ndani, akiwa amesimama mbele ya kabati, nilimsikia akilia kwa sauti kubwa, kilio cha mwaka mzima, na Shija akaniuliza kwa hofu kama amesema jambo baya.